Safu ya Shangazi: Mzizi wa bibi umeumiza maini ya panya wangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Newala. Kwa kazi ni mfamasia katika hospitali moja hapa mkoani Mtwara, ila kwa sasa nipo likizo ya masomo, namalizia shahada ya uzamili ya famakolojia katika chuo kimoja Dar es Salaam. Wengi huchanganya haya mambo mawili. Famasia niliyoisoma mwanzo inahusu zaidi kutengeneza dawa, kuzitunza na kumpa mgonjwa kwa usahihi. Famakolojia inauliza dawa ikishaingia mwilini inafanya nini, na mwili nao unaifanya nini hiyo dawa. Naeleza kwa sababu hata nyumbani wanadhani nimerudi chuo kusomea kitu kilekile.

Bibi yangu mzaa mama ni mganga wa mizizi. Hapigi ramli, hapungi mashetani, ni mizizi tu. Amepita miaka 80. Anasimulia kwamba alikuwa mtoto mdogo mwaka 1952 na 1953, homa ya kukunja viungo ilipoivamia nyanda yetu ya Wamakonde, ile ambayo madaktari waliiandika kwa mara ya kwanza kutoka huku kwetu na jina lake, chikungunya, likatoka kwenye lugha yetu. Watu walijikunja, wakashindwa kusimama wima, na maumivu ya viungo yakawabakia miezi. Mama yake bibi alikuwa akichemsha mzizi mmoja anawapa. Bibi akaurithi. Mimi ni somo yake, nimebeba jina lake, na tangu nikiwa darasa la tatu nilikuwa nafuatana naye porini na jembe dogo. Jina la mti silitaji, Shangazi, utanisamehe. Ni mali ya ukoo.

Nilipotakiwa kuchagua mada ya utafiti sikuhangaika kutafuta. Nilisema nitaupima mzizi wa bibi. Nyumbani ilikuwa sherehe. Mjomba, kaka wa mama, ndiye mkubwa wetu kama desturi ya kwetu ilivyo, na ndiye aliyenilipia ada ya mwaka wa kwanza kwa korosho za msimu mzima. Alisimama mbele ya watu akasema, "Sasa mama yetu atathibitishwa na chuo kikuu."

Mjomba alinitumia gunia la mizizi kwa basi. Nikaikausha, nikaisaga, nikailoweka kwenye ethanoli kwa siku tatu kama tunavyofanya maabara, nikaikausha tena nikapata unga. Sehemu ya kwanza ya utafiti ilinipa raha. Tunamvimbisha panya unyayo kwa kemikali maalumu, kisha tunampa dawa na kupima uvimbe kila saa. Uvimbe ulishuka vizuri sana. Nilimpigia bibi nikamwambia mzizi wako unafanya kazi. Alicheka akasema, "Kwani nyie mlikuwa mnabisha?"

Sehemu ya pili ni usalama. Panya wanapewa dawa kila siku kwa siku 28, dozi tatu tofauti, kila kundi majike watano na madume watano, na kundi moja linapewa maji tu. Dozi zangu zilikuwa miligramu 250, 500 na 1,000 kwa kila kilo ya uzito. Siku ya 29 nikachukua damu. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda sana kwa kundi la 1,000, na kwa 500 vilipanda kwa baadhi. Nilirudia vipimo nikidhani nimekosea. Kisha mtaalamu wa hadubini akanionyesha vipande vya ini, seli zimevimba, nyingine zimekufa. Kundi la 250 lilikuwa sawa na waliopewa maji.

Msimamizi wangu hakushtuka. Alisema matokeo ni matokeo, andika, na ukimaliza tuombe nafasi ya uzamivu tutafute kiini kipi kinatuliza uvimbe na kipi kinaumiza ini. Kwake ni mwanzo mzuri. Mimi nilikwenda kulia chooni.

Kuna jambo msimamizi halijui. Bibi kwa kawaida anawapa watu wachache wanaokuja uani kwake. Ana masharti yake ya kizee: anamenya gamba la nje, anachemsha, anamwaga maji ya kwanza, anachemsha tena. Unakunywa kifuu kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu, halafu unapumzika mpaka mwezi uandame. Na mnywaji wa uraka, ile pombe ya mabibo, hampi kabisa, anasema mzizi na uraka haviketi nyumba moja. Lakini tangu mwaka juzi mjomba anaitia kwenye chupa za maji za nusu lita na kuuza. Zinauzwa Newala, Masasi, Mtwara mjini, nyingine anawapa makondakta zinakwenda Dar. Kwenye karatasi ya chupa ameandika "Kunywa kila siku asubuhi na jioni hadi upone". Juzi kanipigia kuuliza cheti cha chuo kinatoka lini achapishe karatasi mpya.

Na mama kanisimulia kwamba mzee mmoja jirani yetu, mteja wa mjomba, ana wiki tatu macho yamekuwa ya njano. Watu wanasema ni malaria imempanda.

Nikisema, nimemvunjia bibi heshima mwishoni mwa maisha yake na nimemtia mjomba hasara, yeye aliyenisomesha. Nikinyamaza, najua ninachokijua. Nimefikiria hata kuandika tasnifu ya sehemu ya kwanza peke yake, nisiguse ini. Nimefikiria kuacha masomo. Shangazi, nimekuwa mtoto wa kumsaliti bibi yake?

Somo wa Bibi, Newala

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Niliisoma mara ya kwanza kama mtu mzima mwenye bibi yake, nikahuzunika. Mara ya pili nikamtafuta mtu aliyefundisha somo lako miaka mingi, nikamsimulia bila jina wala wilaya. Baadhi ya nitakayosema yametoka kwake, na pale nitakapotetereka kwenye sayansi utanisahihisha wewe mwenyewe.

Kabla ya yote, yule mzee wa macho ya njano. Haya mengine yanaweza kusubiri. La mzee halisubiri. Njano ya macho ina sababu nyingi: homa ya ini ya virusi, mawe kwenye mfuko wa nyongo, pombe, malaria kali, na ndiyo, dawa. Wewe hujui ni ipi, mimi sijui, na jirani anayesema malaria imempanda naye hajui. Mpigie mama leo. Mzee aache chupa, apelekwe hospitali akapimwe, na chupa aibebe mkononi amwonyeshe daktari. Kama mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, hamu ya chakula imekata, au ameanza kusinzia na kuchanganya maneno, msingoje hata asubuhi. Wewe ni mfamasia, unayajua haya kuliko mimi. Nadhani hofu ya mjomba ndiyo iliyoufunga ulimi wako. Lakini kumpeleka mzee hospitali hakumtuhumu mtu yeyote, na hakuhitaji tasnifu yako iwe imekamilika.

Sasa turudi kwako. Nikikuelewa vizuri, ulikwenda chuoni na mzizi unaoupenda, ukautendea haki mara mbili, ukapata jibu la kukufurahisha na jibu la kukuumiza. Jibu la pili linagusa watu watatu unaowadai na wanaokudai: bibi aliyekupa elimu, mjomba aliyekupa ada, na wagonjwa usiowajua wanaonunua chupa stendi. Na wewe umejiweka katikati kana kwamba kuna njia mbili tu, kusema au kunyamaza.

Nataka kukuuliza kwanza: umesema nini hasa ulichokijua? Umeandika "najua ninachokijua". Hebu tukitazame.

Unajua kwamba mzizi wote, pamoja na gamba lake, ukilowekwa kwenye ethanoli siku tatu na kupewa panya siku 28 mfululizo kwa dozi kubwa, unaumiza ini. Hilo umelipima, na ulivyolisimulia sina sababu ya kulitilia shaka. Lakini umeniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba bibi anamenya gamba, hatumii ethanoli, anamwaga maji ya kwanza, anatoa siku tatu tu na anapumzisha mtu hadi mwezi uandame. Haya uliyaita masharti ya kizee. Mwanangu, mimi nayaona ni dozi. Ni njia ya kuandaa dawa, muda wa matumizi, muda wa mapumziko, na onyo la kutochanganya na pombe. Uraka ukikutana na dawa inayolemea ini, wewe ndiye wa kunieleza kinachotokea. Bibi yako hana neno la vimeng'enya, lakini kuna mtu katika ukoo wenu, pengine mama yake, pengine bibi wa bibi, aliyeona wanywaji wa uraka wakizidiwa akaweka katazo. Kile ulichokipima maabara si dawa ya bibi. Ni mzizi wa bibi uliovuliwa masharti yake yote.

Na nani mwingine ameuvua masharti? Nadhani umeshaona ninakokwenda.

Huku kusini tuna mfano ambao kila mtoto anaujua. Muhogo mchungu. Mtu akiuchukua mbichi na gamba lake akaupeleka maabara ataandika ni sumu, na atakuwa amesema kweli, una kitu kinachotoa sayanidi. Bibi zetu waliumenya, wakauloweka au wakauvundika, wakauanika, wakautwanga, wakatulea nao. Lakini mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji, jimbo la Nampula, ukame ulikuja, njaa ikawabana watu, wakafupisha njia ya kuuandaa kwa sababu tumbo halingoji. Zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Muhogo ulikuwa uleule. Kilichopungua ni siku za kuandaa.

Ndiyo maana nasema umewapima panya, lakini bado hujakipima kifuu cha bibi. Yule mwalimu niliyezungumza naye aliniambia kwamba nyie mkitaka kulinganisha dozi ya panya na ya mtu mzima mnaigawa kwa 6 na kidogo, kwa sababu mwili mdogo huimaliza dawa haraka. Kwa hesabu hiyo miligramu 1,000 zako kwa kilo ni kama gramu 10 za unga wako kwa siku kwa mtu wa kilo 60. Zile 500 ni kama gramu 5. Zile 250 ambazo hazikumdhuru panya ni karibu gramu 2 na nusu. Swali likawa rahisi na gumu kwa pamoja: kifuu kimoja cha bibi, mchemsho wa pili, kikikaushwa kinaacha gramu ngapi? Chupa ya mjomba je? Hujui. Nami nilipomuuliza mwalimu kama jambo hilo linaweza kupimwa bila panya hata mmoja, alicheka akasema unahitaji jiko, mzani mzuri na siku mbili.

Lakini usikimbilie upande huu ukapumua. Nisingekuwa nakupenda kama ningekuambia bibi yuko salama kwa kuwa ana masharti. Miaka 70 ya kutosikia malalamiko si kipimo. Aliyeharibika ini taratibu haji uani kwa bibi kusema ni dawa yako; anafia kwao miezi sita baadaye, watu wanasema alirogwa. Watu nao hawalingani kama panya wako wa zizi moja. Kuna anayeimaliza dawa haraka na anayeimaliza polepole kwa jinsi alivyozaliwa, kuna mwenye homa ya ini aina ya B asiyejijua. Na wenye maumivu ya viungo huwa hawanywi kitu kimoja. Anakunywa mzizi asubuhi, mchana diklofenaki aliyouziwa dukani, usiku paracetamol. Paracetamol yenyewe, tunayoipa hata watoto, ikizidishwa huua ini, na hatujaiita sumu wala hatujaacha kuiuza. Tumeiwekea mpaka.

Hapa nataka kuligusa lile neno kusaliti. Nadhani ulipokubali kwamba unakwenda kumthibitisha bibi, ulijitwika mzigo ambao hakuna mwanafunzi wa dawa angeweza kuubeba. Aliyetoa ahadi ile ni mjomba, mbele ya watu. Wewe uliahidi chuoni kwamba utapima. Na bibi mwenyewe? Kwa barua yako, alichosema ni "kwani nyie mlikuwa mnabisha?" Mtu anayesema hivyo hangoji cheti. Sioni mahali alipokuomba umthibitishe.

Kuna daktari mmoja Uingereza, William Withering. Mwaka 1775 aliulizwa maoni yake kuhusu dawa ya kifamilia ya kuvimba mwili, iliyotunzwa kwa siri na mama mmoja mzee wa Shropshire. Ilikuwa na mimea 20 au zaidi. Akatambua kwamba inayofanya kazi ni mmoja tu. Akakaa nao miaka 10, akiandika waliopona, na pia waliotapika, waliozidiwa na waliokufa, na mwaka 1785 akachapisha yote, mazuri na mabaya. Kwenye mmea huo ndiko ilikotoka dawa ya moyo ambayo hospitali zinaitumia mpaka leo, na ambayo ikizidi kidogo tu inaua. Kuandika madhara hakukuizika dawa ya yule mama. Kuliifanya iweze kutumika. Kinachoniuma mimi katika habari hiyo ni kingine: jina la yule mama hakuna aliyeliandika. Bibi yako ana bahati moja ambayo yule hakuwa nayo. Aliyemwendea ni somo yake.

Tuzitazame njia ulizonazo, nami nitakuambia ninachokiogopa katika kila moja.

Ile ya kuandika sehemu ya kwanza peke yake na kulificha ini, nitasema wazi kwamba inanitia hofu kuliko zote. Si kwa sababu ya chuo tu. Panya wale walikufa kwa ajili ya swali, na jibu lao ukilifukia, mwanafunzi mwingine atawaua wengine kulitafuta. Tena tasnifu yenye nusu hiyo ndiyo hasa mjomba anayoingoja. Ataipeleka kwa mchapaji wa karatasi za chupa, na jina lako litakuwa juu yake. Kuacha masomo nako hakuzirudishi chupa kutoka stendi.

Kumwendea bibi kwanza. Moyo wangu unaelekea huku, ila ni moyo wa mtu asiyemjua bibi yako. Ukimwendea na hukumu, "bibi, mzizi wako unaua ini", utamvunja kweli, na utakuwa umesema kitu ambacho hujakipima. Ukimwendea na swali, mambo ni mengine. Kwa nini gamba linamenywa? Maji ya kwanza yana nini? Nani aliyekataza uraka, na alimwona nani? Umewahi kumnyima nani dawa hii, mjamzito, mtoto, mwenye macho ya njano? Hayo ndiyo mahojiano ambayo utafiti wako ulistahili kuanza nayo kabla ya gunia kupanda basi, na silaumu, vyuo vingi huwafundisha vijana kuanza na gunia. Hatari yake ni kwamba mzee anaweza kukujibu unachotaka kusikia, au akamweleza mjomba jioni ileile. Umwulize na jambo moja zaidi: anajua kilichoandikwa kwenye zile chupa? Kwa maandishi yako sikuona popote kwamba bibi aliziridhia.

Mjomba. Najua kwa kwenu mjomba si mtu wa kukosolewa na mtoto wa dada yake, tena aliyekulipia ada. Sikushauri umkabili peke yako. Lakini mpe nafasi ya kuwa mtu mwema. Pengine hajui, pengine anadhani masharti ya mama yake ni ya kizee, kama wewe ulivyodhani. Mzizi wa gunia lako ulichimbwa na nani, aliumenya nani? Na ndani ya chupa kuna mzizi peke yake? Nauliza kwa sababu katika nchi nyingi wakaguzi wamekuta dawa za asili za viungo zimetiwa dawa za hospitali kama deksamethasoni au diklofenaki kwa siri ili mteja apone haraka. Simtuhumu. Ila kama utapima, pima na chupa. Kinachoweza kumtuliza mjomba ni kujua kwamba njia ya halali ipo: tangu Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, na dawa haisajiliwi bila kuangaliwa usalama wake. Akitaka karatasi ya kweli ya kubandika kwenye chupa, ataipata huko, kwa jina la mama yake, na masharti ya mama yake yakiwa yameandikwa. Hatari ni kwamba atakasirika, atakukumbusha korosho, na pengine atakukatia msaada. Je, una mtu mwingine wa kukushika mkono kwa miezi iliyobaki? Lijue hilo kabla ya mazungumzo.

Msimamizi. Hapa ndipo nakuona umejinyima msaada bila sababu kubwa. Umemficha habari za chupa kwa sababu ulidhani ni aibu ya familia. Kwake itakuwa taarifa ya utafiti. Anaweza kukuruhusu uongeze sura ya mchemsho wa bibi: upime kifuu, ulinganishe na ethanoli, na kama fedha na kibali cha maadili vitapatikana, urudie siku 28 kwa maji badala ya ethanoli, au siku tatu na mapumziko kama bibi anavyotoa. Hatari zake ni za kweli. Kibali kinachukua muda, likizo yako ya masomo ina mwisho, na matokeo yanaweza kuonyesha kwamba hata mchemsho wa bibi unaumiza. Uwe umejiandaa kwa hilo pia. Mwulize vilevile, kabla ya kuzungumzia uzamivu, mzizi huu ni wa nani kwenye karatasi. Kama kitapatikana kitu cha thamani ndani yake, ukoo wenu utaandikwa wapi? Swali hilo liwekwe mezani sasa, wakati bado hakuna cha kugombania.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na hilo Baraza nililolitaja, nao wapo. Kwa nafasi yako ya mfamasia, madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa, hata ya asili, unaweza kuyaripoti bila kuwa na uhakika. Neno ni "kushukiwa". Kama vipimo vya yule mzee vitaonyesha ini limeumia na hakuna sababu nyingine, sidhani utaweza kulikwepa hilo, na sidhani utataka kulikwepa. Najua maana yake nyumbani. Wakaguzi wakifika dukani kwa mjomba kabla hujazungumza naye, ukoo hautakusamehe upesi. Wakifika baada ya mtu wa pili kuwa njano, hutajisamehe mwenyewe. Uzito huo siwezi kuupima kwa niaba yako. Ninaloweza kusema ni kwamba katikati ya hayo mawili pana siku chache, na siku chache si kidogo.

Umeniuliza kama umemsaliti bibi yako. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipofanya hivyo, sijapaona. Nimeona mtu aliyerudia vipimo akiomba awe amekosea.

Basi la Newala linatoka alfajiri. Ukiamua kwenda, usibebe grafu. Beba mzani wa maabara kama watakuazima, daftari, na sufuria lisilotumika kwa kitu kingine. Mwombe bibi achemshe kama anavyochemsha siku zote, wewe ukae chini kwenye mkeka uandike kila anachofanya, hata anachokifanya bila kusema. Maji ya kwanza usiyamwage, yatie kwenye chupa uandike tarehe.

Na habari za mzee jirani niandikie mara tu utakapozipata, usingoje hayo mengine. Bibi mfikishie shikamoo yangu.

Shangazi